Hakuna Taa ya Kahawia

Mhadhara wa wazi uliotolewa Bukoba mbele ya wanafunzi, walimu na mafundi wa Bukoba na Muleba



Nitaanza na binti mmoja wa kidato cha tatu kutoka Nshamba. Likizo iliyopita alinijia na ubao mdogo wa saketi alioulehemu mwenyewe. Juu yake palikuwa na taa moja ya LED, ya ile aina yenye punje tatu ndani ya kifuko kimoja: nyekundu, kijani na buluu. Alikuwa ameiunganisha na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, inayotoshea kiganjani na inayotumia mfumo endeshi wa Linux. Shuleni kwao walikuwa wakijiandaa kwa maonyesho, na kikundi chake kilipangiwa meza ya kahawa. Akaniambia, "Mwalimu, nataka taa iwe rangi ya kahawa. Njano nimeipata, zambarau nimeipata, waridi nimeipata. Kahawia inanikataa."

Tukakaa naye sebuleni, mapazia yamefungwa. Akaandika namba zake: nyekundu nyingi, kijani kidogo, buluu hakuna. Ikatoka rangi ya chungwa. Akapunguza zote. Ikatoka chungwa hafifu. Akaongeza buluu kidogo, ikawa waridi iliyochoka. Akaanza kushuku risasi aliyolehemu, akageuza ubao na kuukagua mguu kwa mguu. Risasi haikuwa na kosa. Aliniangalia kama mtu aliyeibiwa.

Lugha yetu inaziita rangi kwa vitu vinavyozivaa. Kijani ni cha jani, kijivu ni cha jivu, zambarau ni tunda, samawati ni mbingu, na kahawia ni kahawa yenyewe, hii ya kwetu, ile mnayompa mgeni atafune kabla hajaeleza kilichomleta. Ukikua na maneno haya unaamini kwamba kila rangi imo duniani kama kitu kilivyomo, na kwamba taa nzuri itaweza kuitoa. Lakini kahawia haimo ndani ya mwanga. Kahawia ni rangi ya chungwa iliyo hafifu kuliko vitu vinavyoizunguka. Punje ya kahawa iliyokauka mchana hurudisha mwanga kidogo wa chungwa huku mkeka, ukuta na anga vikirudisha mwanga mwingi, na jicho likipima tofauti hiyo linasema: kahawia. Ndani ya chumba chenye giza taa ndiyo kitu king'avu kuliko vyote. Jicho halina cha kulinganishia, kwa hiyo linasema: chungwa.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye jambo lililonileta. Rangi ni jambo moja na mwangaza ni jambo jingine. Mfumo wa kompyuta usioyatenganisha mambo hayo mawili hauwezi kuitumikia taa yenye rangi, hata taa yenyewe iwe bora namna gani. Na mifumo yetu ilichelewa sana kuyatenganisha.

Kiendeshi ni programu inayokaa kati ya mfumo na kifaa. Juu yake wako watu na programu zao, wanaosema "washa" au "punguza". Chini yake iko chipu, ambayo haijui neno lolote ila volti na mapigo. Kiendeshi kinapokea agizo na kuligeuza kuwa mapigo. Ukiambiwa taa imepunguzwa nusu, mara nyingi haikupunguzwa kitu: inawashwa na kuzimwa mara mamia kila sekunde, nusu ya muda inawaka na nusu imezima, na jicho linaona mwanga wa wastani.

Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, ilipata mpango mmoja wa kusimamia taa hizi mwaka 2006, katika toleo la 2.6.17. Aliyeuandika ni Richard Purdie, Mwingereza aliyekuwa akishughulikia kompyuta za kiganjani. Mpango wake ulikuwa safi kabisa. Kila taa ilipewa folda yake, na ndani ya folda faili moja la mwangaza. Ukiandika 0 taa inazima, ukiandika 255 inawaka hadi mwisho. Mtu yeyote anayejua kuandika namba kwenye faili aliweza kuamuru taa. Nami niliupenda, na bado naupenda.

Rangi ilikuwa wapi? Ilikuwa kwenye jina. Taa iliitwa kwa jina la kifaa, kisha rangi, kisha kazi yake. Neno "kijani" lilikuwa lebo tu, kama jina lililoandikwa ubavuni mwa ndoo. Waliobuni mpango huo walikuwa wakifikiria taa za kuonyesha hali: betri inachaji, diski inasoma, mtandao upo. Taa ya namna hiyo inajibu swali moja tu, ndiyo au hapana, na namba moja inaitosha.

Taa za punje tatu zilipoenea, kila punje ikasajiliwa kama taa yake peke yake. Hivyo ndivyo binti wa Nshamba alivyoanza: taa tatu, folda tatu, faili tatu. Jaribu kubadili rangi kutoka nyekundu kwenda kijani kwa njia hiyo. Ukiwasha kijani kwanza, kwa kitambo kidogo zote mbili zinawaka na mtu anaona njano. Ukizima nyekundu kwanza, kwa kitambo anaona giza. Ukitaka kufifisha chungwa bila kuiharibu, ushike kikokotoo na upunguze namba tatu kwa uwiano uleule, kila mara. Yeye alikuwa akifanya hivyo kwenye daftari la hesabu, kurasa nne zimejaa.

Suluhisho liliingia kwenye Linux toleo la 5.9, lililotoka Oktoba 2020. Aliyelisukuma ni Dan Murphy, mhandisi wa kampuni ya Texas Instruments, ambayo hutengeneza chipu za kuendesha taa za rangi. Andiko lake lilirudishwa na kurekebishwa mara nyingi kabla ya kukubaliwa, na nawaambia vijana wasione hilo kuwa aibu. Kazi inayokusudiwa kukaa ndani ya mashine za dunia nzima lazima ipigwe msasa na wengi. Katika mpango huo mpya punje tatu ni taa moja. Taa hiyo ina faili la mwangaza kama zamani, na ina faili la pili lenye ukali wa kila punje, namba kadhaa kwenye mstari mmoja, zinazoandikwa kwa mkupuo.

Hesabu yake ni ya darasa la sita. Ukali wa punje unazidishwa kwa mwangaza, kisha unagawanywa kwa mwangaza wa juu kabisa. Chukueni chungwa: nyekundu 255, kijani 100, buluu 0. Weka mwangaza 51, yaani moja ya tano. Nyekundu inapata 51, kijani 20, buluu inabaki 0. Chungwa imefifia na bado ni chungwa. Kurasa nne za daftari zikawa mstari mmoja, na kikokotoo kikarudi mkobani.

Liko faili la tatu ambalo wengi hulipita bila kulisoma. Linataja mpangilio: namba ya kwanza ni ya punje gani, ya pili ni ya ipi, ya tatu ni ya ipi. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu nimeona vijana wakilidharau. Ziko taa za utepe zinazouzwa sana, zenye chipu iitwayo WS2812, zinazotaka kijani kitangulie, kisha nyekundu, kisha buluu. Fundi aliyezoea kuanza na nyekundu akiandika programu yake bila kuuliza, nyekundu yake itatoka kijani na kijani chake kitatoka nyekundu. Kwenye ukumbi wa harusi hakuna atakayeumia.

Sasa shukeni nami mpaka bandarini kwetu usiku. Meli inayoingia Bukoba ina taa nyekundu ubavu wa kushoto na ya kijani ubavu wa kulia, na nyeupe nyuma. Nahodha wa chombo kingine haoni meli, anaona rangi. Akiona nyekundu peke yake, anajua meli inakatiza mbele yake ikielekea mkono wake wa kushoto. Akiziona zote mbili kwa pamoja, anajua inamjia uso kwa uso. Ziwa hili limetuzikia watu wengi, na kila mmoja hapa anajua ajali ya meli ya mwaka 1996 ilituachia nini. Ndiyo maana nikiwafundisha vijana kuandika kiendeshi cha taa ya rangi, sianzi na urembo. Naanza na faili la mpangilio, halafu na kile kitambo cha njano kati ya nyekundu na kijani. Rangi ni maneno. Kiendeshi kinachokosea rangi kimesema uongo.

Kuna viumbe waliolijua hili kabla yetu, na wamo humohumo ziwani. Mnawajua furu. Wako wa aina nyingi mno, na mmojawapo amepewa jina la Mwalimu Nyerere: kitaalamu anaitwa Pundamilia nyererei, aliandikwa na wanasayansi mwaka 1985. Dume wake ana wekundu mgongoni. Ndugu yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, dume lake ni la buluu inayoelekea kijivu. Majike huchagua kwa rangi: jike wa huku humfuata mwekundu, jike wa kule humfuata wa buluu, na kwa uchaguzi huo kila ukoo unabaki wenyewe.

Mtaalamu Ole Seehausen na wenzake walifanya kazi upande wa Mwanza, wakachapisha matokeo yao mwaka 1997. Waliona kwamba pale maji yalipo maangavu, nyekundu ni nyekundu na buluu ni buluu. Pale maji yalipochafuka, mwanga wa buluu haufiki chini, rangi zinafifia, koo zinachanganyikana na aina za furu zinapungua. Wakalijaribu maabara pia. Chini ya mwanga mweupe jike alimtambua dume wa kwao. Chini ya mwanga wa chungwa peke yake, kuchagua kukaisha. Samaki ni walewale, tangi ni lilelile, mwanga tu ndio uliobadilishwa. Nilipoisoma kazi hiyo kwa mara ya kwanza nilishindwa kulala. Uchafu tunaoutiririsha kutoka mashambani na mijini unafanya kazi ya kiendeshi kibovu: unawazimia samaki rangi mbili na kuwaachia moja.

Na sisi tunapeleka taa zetu juu ya maji hayohayo kila giza linapoingia. Wavuvi wa dagaa wa Goziba, Bumbire, Ikuza, na hapa Nyamkazi hawahitaji kuelezwa nguvu ya mwanga. Mwezi ukiwa mpevu wanalala na kushona nyavu, kwa kuwa taa haiwezi kushindana na mbalamwezi. Giza likirudi wanatoka. Zamani ilikuwa karabai na mafuta ya taa. Sasa wengi wameshika taa za LED na betri, na gharama ya mafuta imewaondokea. Ni mabadiliko mazuri. Lakini karibu zote ni nyeupe, zimefungwa kiwandani, na mvuvi hana la kuamua ila kuwasha na kuzima. Zina namba moja, kama Linux ya mwaka 2006.

Mwaka jana mvuvi mmoja, mjomba wangu upande wa mama, aliniletea taa yake iliyoingia maji. Tuliifungua mezani. Ndani mlikuwa na bamba la alumini lenye punje nyeupe zilizopangwa kwa safu, waya mbili, chipu moja na gundi iliyogeuka njano. Punje nyeupe ya LED kwa kweli ni punje ya buluu iliyopakwa unga wa njano juu. Buluu na njano vikichanganyika jicho linaona nyeupe. Nikamwonyesha pale unga ulipobanduka, buluu ikichungulia. Akauliza, "Kwa hiyo, mwanangu, nimekuwa nikivua kwa buluu miaka yote hii bila kujua?" Nikamjibu, ndiyo, kwa sehemu. Akanyamaza, kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Na dagaa wanaona nini?"

Hilo ndilo swali la mhandisi. Katika maji maangavu sana buluu ndiyo inayozama mbali. Katika maji yenye mwani mwingi na mabaki ya majani, buluu inamezwa mapema na kijani kinazama zaidi. Nyekundu inamezwa na maji yenyewe mapema. Kwa hiyo taa inayofaa kwenye kina cha Goziba si lazima iwe ndiyo ifaayo kwenye ghuba lenye mwani, na mtu mwenye taa ya punje tatu na kiendeshi kizuri angeweza kubadili rangi bila kubadili taa. Angeweza vilevile kupunguza ukali na kuvua kwa kiasi. Hili nalisema kwa uzito: taa inayovuta kila kilicho hai, pamoja na dagaa wasiokomaa na furu waliobaki, ni taa ya kumaliza ziwa. Yeyote atakayejaribu aanze kwa afisa uvuvi na BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo wake, na ningefurahi sana kama TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wangekuwa wa kwanza kujua.

Nchi kavu tuna senene. Mtego wa kisasa mnaujua: taa kali juu, mabati yamesimamishwa wima, mapipa chini, senene anafuata mwanga, anagonga bati, anateleza. Macho ya wadudu wengi yanaona kijani, buluu, na mwanga ambao sisi hatuuoni kabisa, urujuanimno. Nyekundu hawaioni vizuri. Taa nyingi za mitego zinatumia umeme mwingi kutoa nyekundu na njano ambazo mdudu hana haja nazo. Na balbu za zebaki zikivunjika kioo cha nje zikaendelea kuwaka, zinatoa urujuanimno mkali unaounguza ngozi na macho. Nimewaona watu wameamka na macho mekundu, wanayapangusa kwa kanga iliyoloweshwa maji, wakidhani ni moshi. Si moshi. Taa inayoongozwa na kiendeshi ingeweza kutoa kile tu kinachomvuta senene, kwa kiasi kinachopimwa, na kuzima yenyewe mtu akisogea.

Niliyasema haya mbele ya wenzangu wa fani, mmoja akaniambia kwamba kazi ya rangi imeshakwisha, Linux inayo. Nikarudi kwenye orodha ya rangi ambazo kiendeshi kinaruhusiwa kuzitaja, nikaisoma neno kwa neno. Nyeupe imo. Nyekundu, kijani, buluu, kaharabu, urujuani, njano. Infraredi imo, ingawa hakuna jicho la mtu linaloiona, kwa kuwa wako waliokuwa na kazi nayo. Baadaye wameongeza zambarau, chungwa, waridi, na hata rangi ya ndimu. Urujuanimno sikuuona. Orodha haikuandikwa kwa ubaya. Imeandikwa na watu waliokuwa na vifaa mezani mwao: simu, ruta, kibodi za kuchezea michezo. Kila mmoja alileta rangi aliyoihitaji. Hapakuwa na mtu wa senene mezani.

Basi na awepo. Msimbo wa Linux uko wazi, kila mstari unasomeka, na marekebisho hupokewa kutoka kwa yeyote anayeweza kuyatetea, akayatia saini kwa jina lake. Kuongeza rangi moja kwenye orodha ni mistari michache. Kueleza kwa nini inahitajika, kifaa gani kinaitumia na mtu atalindwaje macho yake, hiyo ndiyo kazi ya miezi, na kwa kazi hiyo mtoto wa Kamachumu ana maarifa ambayo mhandisi wa Texas hana. Nawaomba walimu wa fizikia na wa kompyuta msiwafundishe watoto kuwasha na kuzima tu. Wapeni taa ya punje tatu. Punje nyekundu inahitaji volti kama 2, za kijani na buluu karibu 3. Ukizipa kizuizi kimoja nyeupe yako itatoka na wekundu. Yule binti ilimtokea hivyohivyo, na kwa kuisaka sababu alijifunza sheria ya Ohm kuliko alivyoijifunza kwa mtihani.

Narudi kwake, maana sikumwacha na kilio chake. Tulichukua boksi la viatu, tukatoboa tundu mbele, dogo kama sarafu. Ndani tukaweka taa yake, chungwa ileile ya 255 na 100, mwangaza 51, na karatasi nyembamba nyuma ya tundu ili mwanga utawanyike. Uso wa boksi tukaubandika karatasi nyeupe, na juu yake tukaelekeza balbu nyeupe yenye nguvu. Tukazima taa ya chumba. Mama yake, ambaye huuza kahawa sokoni, alikuwa amesimama mlangoni na beseni mkononi.

Tundu likawa kahawia. Kahawia kabisa, ya kahawa iliyokolea. Mama akaweka beseni chini, akasogea, akaliinamia boksi. Binti akanyoosha mkono akaizima ile balbu nyeupe, na palepale tundu likawaka chungwa. Akaiwasha, kahawia. Akaizima, chungwa. Namba kwenye skrini hazikuwa zimeguswa.